Sabuni ya Mjane

Niliposoma neno MJANE kwenye karatasi ya mfano, nilidhani shemeji amefungua kazi ya mtu mwingine. Nikamrudishia.

"Hii si yangu."

"Ni yako, shemeji. Tazama chini. Namba ya simu ya nani hiyo?"

Namba ilikuwa yangu. Juu yake palichorwa mwanamke aliyejitanda kitambaa kichwani, shingo imelala upande kama ya kuku aliyekwisha chinjwa, na chozi moja limening'inia shavuni. Chozi lenyewe lilikuwa kubwa kuliko pua. Chini ya kidevu, kwa herufi nene: SABUNI YA MJANE.

Mume wangu yuko hai. Nalisema hili mapema ili tusisumbuane. Miaka minne iliyopita alihama nyumbani na begi moja na pasi yangu ya umeme, akaenda kuishi na mwanamke anayeshona mapazia, mitaa mitatu kutoka kwetu. Talaka hakunipa, matumizi hakuleta, lakini pumzi anavuta. Nimemwona mara nyingi kibarazani kwa fundi saa, miguu juu ya stuli, anakunywa chai, buheri wa afya.

Shemeji ni mdogo wake wa tumbo moja. Ana duka la uchapaji lenye mashine mbili, moja mbovu, na hutafuna karanga akifanya kazi, kwa hiyo kila karatasi inayotoka kwake ina alama ya kidole chenye mafuta. Mimi nilisomea maabara, stashahada ya miaka mitatu. Mtu akinishikia kitu changu kwa kidole cha namna hiyo, naona kinyaa mpaka kwenye ufizi. Siku hiyo nilivumilia kwa sababu ilikuwa Jumatano na lebo zilitakiwa Ijumaa.

"Nani kakwambia uandike hivi?"

"Si yule madamu wako wa supamaketi? Ulimpa namba yangu anipe vipimo vya lebo. Kanipa vipimo, kanipa na jina. Tena kasema chozi liwepo."

"Kaka yako amekufa lini?"

"Shemeji, usianze."

"Nimeshaanza. Amekufa lini, tumemzika wapi, na mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

Akatema ganda la karanga kiganjani, akalitazama, akalipangusia kwenye suruali. "Mjane ni mtu asiye na mwenza. Kaangalie kamusi. Wazee walikuwa wanamwita mjane hata aliyeachwa, hata kapera. Haya, wewe mwenza unaye?"

Nilikuwa nimeshaangalia. Kamusi yangu ya chuo inasema kwanza ni aliyefiwa, halafu, mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo, inasema asiye na mume au mke. Kwa hiyo shemeji hakuwa anadanganya moja kwa moja. Neno lilikuwa na tundu, naye alikuwa amepenya kama panya.

"Geuza nyuma," akasema, anajisifu. "Nyuma nimetunga mwenyewe."

Nikageuza. *Kila kipande unachonunua kinalisha yatima wawili.*

Nilisoma mara mbili.

"Yatima gani?"

"Ni lugha ya biashara tu, shemeji."

"Nakuuliza yatima gani. Hao wawili ni watoto wa kaka yako. Wewe ni baba yao mdogo. Wamekuja hapa juzi ukawapa kalamu."

"Sasa si ndiyo nawatafutia riziki?"

Nikakunja ile karatasi, nikaitia mkobani, nikaondoka bila kuaga. Njiani niliendelea kufuta vidole vyangu kwenye sketi.

Ningependa kusema kwamba makosa yote ni ya watu wengine. Si kweli. Jina hilo lilianzia sokoni. Mimi huuza kwenye nusu ya meza, nusu nyingine ni ya jirani yangu wa nyanya. Mteja mmoja alimuuliza, "Hizi sabuni za nani?" Akajibu, "Za yule mama asiye na mume." Mteja akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia dada yake, na ilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nimeshafiwa. Nikaanza kusikia watu wakiulizia "ile ya mjane". Nilikuwa na haraka, nina vipande vya kukata, nikaona maneno hayavunji mfupa. Nikaacha.

Halafu nikaenda supamaketi. Wana matawi matano, na mwezi huo walikuwa wanatafuta sabuni ya kipande ya kufulia. Madamu wa manunuzi aliigusa sabuni yangu kwa ncha ya ukucha mrefu wa bandia, kana kwamba itamchafua. Sabuni! Nikamsomea majina niliyoyaandika: Povu Zito, Ng'ara, Asubuhi, Mikono Miwili. Kwa kila jina alipiga mwayo. Mpanga mizigo wao aliyekuwa anapita na toroli akasema, "Madamu, hii si ile ya mjane? Mama yangu anaitumia."

Yule madamu akakaa wima. "Wewe ni mjane?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikanyamaza.

"Pole sana, mama," akasema, na macho yake yakang'aa kama ya mtu aliyeletewa sahani. "Una watoto?"

"Wawili."

"Safi kabisa."

Safi kabisa! Akaniambia mteja akimwonea mtu huruma haulizi bei, hageuzi kipande kunusa, anatia kwenye kikapu na kujisikia mtu mwema mpaka kwenye kaunta. Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia kwa sababu ya chumba. Kuna chumba karibu na mafundi wa kuchomelea, kina bomba lake, sakafu ya saruji na dirisha pana, na mwenyewe aliahidi kunishikia mpaka Ijumaa. Sabuni naitengenezea jikoni kwangu. Soda ya sabuni si magadi ya kulainishia maharage. Tone moja linakula ngozi. Mwaka jana binti yangu mdogo aliegemea ndoo niliyoipa kisogo kwa dakika moja, na sasa ana kovu kwenye kiwiko, linalong'aa kama nta. Nikipata matawi matano nachukua kile chumba, na soda haiingii tena mahali watoto wanapokula. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, na kwa ajili yake nilikubali kupewa pole ya msiba wa mtu aliye hai, anayekunywa chai kwa fundi saa.

Nikajiambia ni neno tu la mdomoni, halitafika kwenye lebo. Sikujua kwamba watoto wangu nao wangechapishwa.

Jumatano hiyo jioni nilikuwa nakata. Sabuni ikishalala kwenye kasha la mbao usiku kucha, unaipitishia waya uliokazwa, polepole, la sivyo inameguka pembeni. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa bila hodi.

Alikuwa baba watoto.

Alivua viatu kabla sijamkaribisha, na harufu ya soksi zake ikaingia jikoni kabla yake. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Akaketi kwenye kiti changu. Akafunua sufuria, akachota wali kwa mkono, akatafuna.

"Nasikia nimekufa," akasema.

"Umesikia vizuri. Mdogo wako kakwambia?"

"Kaniambia."

Nikaweka waya chini. Nilikuwa tayari kwa matusi yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue angekuwa na haki ya kukasirika, na nilikuwa nimepanga kumwambia samahani, neno ambalo halijawahi kupita kati yetu. Akachota tena.

"Mimi sina neno," akasema. "Biashara ni biashara. Ila na maiti naye ana haki zake."

"Haki gani?"

"Nirudi nyumbani. Yule wa mapazia ananisumbua. Kelele asubuhi, kelele jioni, nimeshachoka." Alilamba kidole kimoja kimoja, akianzia kidogo. "Nitakaa chumba cha nyuma. Mlango wa mbele sitoki, sokoni siendi. Ukiniletea chakula na redio, nani atajua? Marehemu haonekani."

"Kwa hiyo umekubali."

"Kufa? Nimekubali. Mwanamume lazima ajitoe kwa ajili ya familia yake."

Punje ya wali ilikuwa imenasa kwenye ndevu zake, inapanda na kushuka akiongea. Nilimtazama mtu niliyezaa naye mara mbili, nikaona nimewahi kukwangua vitu visafi zaidi kutoka chini ya sinki.

Binti yangu mkubwa akaingia. Ana miaka kumi na miwili, na anasoma kila kitu, hata karatasi za kufungia vitu. Alikuwa ametafuta kalamu kwenye mkoba wangu, na mkononi alishika ile lebo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa!"

Akaitazama lebo, akamtazama baba yake, akaitazama tena lebo. "Baba, kumbe wewe umekufa?"

Nilingoja. Nilimpa nafasi, Mungu ananiona. Ilikuwa ni kiasi cha kusema hapana. Akamkonyeza mtoto.

"Kidogo tu," akasema.

Mtoto hakucheka. "Sasa nikiulizwa shuleni, niseme nini?"

"Sema hivyo hivyo ilivyoandikwa. Tena ukiwa yatima, walimu hawakuchapi."

Mtoto akanigeukia mimi. Alikuwa anangoja nimrekebishe baba yake kama ninavyowarekebisha wao wakikosea. Na mimi nikauokota tena ule waya, nikakwepa macho yake, kwa sababu jibu la baba yake lilitoka kwenye ukimya wangu. Mimi ndiye niliyeuanza uongo huu.

"Nenda ukamwangalie mdogo wako," nikamwambia. "Hapa hakuna yatima. Niachie hiyo karatasi."

Akaiweka mezani kwa vidole viwili.

Nikamgeukia baba yake. "Ijumaa saa nne uwe umeoga. Vaa lile shati lako la mikono mirefu. Tunakwenda kwa mnunuzi."

Akafurahi. "Wanataka nisaini?"

"Wanataka kukuona."

Sikuwa nimedanganya sana. Angeangalia kamusi.

Ijumaa alikuja amenyoa na amejipaka mafuta mpaka paji la uso linateleza. Njia nzima alinieleza jinsi atakavyopanga chumba cha nyuma, kitanda wapi, redio wapi. Kwenye ofisi ya manunuzi kuna dirisha la kioo linalotazama stoo, na mlango hawaufungi kwa sababu kiyoyozi kimekufa. Madamu alikuwa anakula keki juu ya makaratasi. Makombo yalikuwa yameganda kwenye rangi ya midomo.

"Lebo ziko tayari, mama?"

"Bado. Kwanza nimekuletea mtu." Nikamvuta baba watoto kwa kiwiko, nikamsimamisha mbele ya meza. "Huyu hapa ndiye marehemu."

Akampa mkono. "Habari za kazi, madamu."

Niliamini, na hadi leo najishangaa, kwamba mtu akimwona marehemu amesimama mbele yake anatoa jasho, ataona aibu hata kidogo. Nilitegemea aibu yake inisaidie kazi. Yule madamu alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akafuta vidole kwa karatasi yenye orodha ya bidhaa, akasema:

"Mama, kwani mimi nilikuomba cheti cha kifo?"

"Nimekuja kukwambia mimi si mjane."

"Mumeo anaishi kwako?"

"Haishi kwangu."

"Anakulisha?"

"Hajawahi."

"Basi!" Akaangusha mikono mezani. "Tofauti iko wapi? Mrudishe alikokuwa, chapisha lebo. Hakuna atakayekuja kufukua kaburi."

"Si ndivyo nilivyomwambia?" baba watoto akadakia. "Madamu, huyu mwanamke ana kichwa kigumu kama hiyo sabuni yake."

"Unaona? Hata mwenyewe hana tatizo."

Wakacheka pamoja. Walikuwa hawajafahamiana dakika tano, na tayari walikuwa wanacheka kama watu wa ukoo mmoja. Nilisikia harufu ya keki na harufu ya mafuta ya nywele ya mume wangu zikichanganyika. Nilishika ukingo wa meza. Meza ilikuwa inanata.

"Na hao yatima wawili?" nikauliza.

"Shemeji yako kanisomea kwa simu. Hiyo ndiyo mistari mizuri kuliko yote," akasema madamu. "Hiyo usiiguse."

"Mkubwa aliisoma. Baba yake akamwambia akaseme shuleni kwamba yeye ni yatima."

"Watoto wanasahau."

"Wako wanasahau?"

Hapo akakaza uso. "Sikiliza, mama. Nina sabuni kumi na moja zinazongoja nafasi kwenye ile rafu. Zote zinatoa povu. Yako nimeichukua kwa sababu ya jina. Jina likiondoka, na sabuni inaondoka. Chagua."

"Basi inaondoka."

Nikachukua kipande changu cha mfano juu ya meza yake, nikapangusa makombo. Baba watoto akanishika mkono.

"Mke wangu, usiharibu! Tulia kwanza!"

"Niachie."

"Fikiria familia! Mimi mwenyewe nimeshakubali kufa!" Alikuwa anapiga kelele sasa. "Madamu, mwambie! Nimekubali kufa, ni yeye anayekataa!"

Stoo nzima ikasimama. Yule mpanga mizigo wa toroli aliacha katoni hewani. Mwanamke mmoja wa usafi akaegemea ufagio wake, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Baba, unaumwa nini?"

Nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia anamweleza madamu kwamba wake wa siku hizi hawaambiliki.

Nilipita kwa mwenye chumba. Alikuwa mlangoni anazungusha funguo kidoleni. Nikamwambia ampe mwingine. Akasema fundi wa magodoro anakitaka tangu Jumatatu. Nikachungulia ndani mara moja tu, nikaliona lile bomba, linavuja tone, tone, maji safi yanapotea bure sakafuni. Sikulia. Nilikuwa na hasira iliyokausha kila kitu. Soda itabaki jikoni, na nitaijengea kabati la kufuli juu ya mlango, na nitaendelea kuamka kabla ya watoto ili nimalize kukoroga kabla hawajataka chai. Nimefanya hivyo miaka minne, najua jinsi inavyochosha.

Kisha nikaenda kwa shemeji. Habari ilikuwa imeshamfikia kwa simu, maana alinipokea na uso wa matanga.

"Umetupotezea matawi matano, shemeji."

"Nimepoteza mimi. Wewe ulikuwa na matawi gani? Fungua mashine. Na unawe mikono."

"Ninawe?"

"Kwa sabuni. Sitaki mafuta ya karanga kwenye lebo yangu."

Nikampa kile kipande cha mfano. Alinawa nikiwa nimesimama nyuma yake, akajifuta, akaketi mbele ya mashine. Alimfuta yule mwanamke kwa kubonyeza mara moja. Shingo, kitambaa, chozi, vyote vikaondoka, karatasi ikabaki nyeupe.

"Haya. Iitweje?"

Njia nzima nilikuwa nimejaribu. Povu Zito, Ng'ara, Asubuhi, kila moja lilinijia na ukucha wa yule mwanamke umebandikwa juu yake. Nilichoka na majina. Niliyaona yote kama nguo alizokwisha kuzijaribu mtu mwenye jasho.

"Andika SABUNI."

Akaandika. "Sabuni ya nani?"

"Ya kufulia."

Akageuka akanitazama. "Shemeji, hilo si jina. Hilo ni kila kitu kinachouzwa kule sokoni."

"Ndicho ninachouza. Sabuni ya Kufulia. Chini weka uzito, mawese, soda, chumvi, maji, na namba yangu."

"Haitauza."

"Itauza polepole."

"Nyuma je? Nyuma pako wazi."

"Nyuma andika: ikiingia machoni, osha kwa maji mengi."

Alichapa, anatikisa kichwa kama mtu anayeandika hukumu asiyokubaliana nayo. Nje ya mlango wa kioo mtu alikuwa anapita na kurudi, anapita na kurudi, paji la uso linang'aa juani.

"Kaka yuko nje," shemeji akasema kwa sauti ya chini. "Wa mapazia kamfungia mlango. Anauliza kama kile chumba cha nyuma bado..."

"Mwambie amefufuka. Sasa anaweza kutafuta kazi."

Shemeji akakohoa, sijui ni kicheko au karanga. Mashine ikatoa karatasi ya kwanza, ya moto, inanuka wino. Niliishika kwa pembe zake mbili, nikasogea dirishani penye mwanga, nikaisoma neno kwa neno, mbele na nyuma.

"*Kufulia* ina *l* moja," nikamwambia. "Rudia."